Vita Havina Macho, Lakini Askari Anayo

Ipo picha moja ambayo hatujaisahau tangu siku tulipoonyeshwa katika chuo cha makadeti. Haikuwa picha ya vita, wala ya jemadari juu ya farasi wake. Ilikuwa nakala ya picha ya rangi, iliyokatwa katika kitabu cha zamani na kubandikwa ubaoni. Ilionyesha kanisa kuu lenye minara miwili mirefu isiyolingana. Mbele yake palikuwa na kilima kidogo cha udongo, miti michache myembamba, mawe yaliyochongwa na kulundikwa, na watu wachache wadogo waliokaa na kusimama kana kwamba hawana haraka ya kwenda popote.

Mwalimu wetu wa somo la uangalizi wa mizinga alituuliza swali: "Vijana, chukueni kwamba adui yuko katika mji huu. Mwangalizi wake mtamtafuta wapi?"

Tulijibu kwa sauti moja: "Mnarani, Afande!"

"Vema. Kisha mtafanya nini?"

Mwenzetu mmoja akasimama kwa ukakamavu, akasema: "Tutaupiga mnara, Afande."

Mwalimu hakumkemea. Alisema kwamba jibu la kwanza lilikuwa sahihi kabisa. Jibu la pili, alisema, huenda likawa sahihi na huenda likawa kosa ambalo hata miaka mia nane haitoshi kulisahihisha. Na kati ya majibu hayo mawili liko jambo moja ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja. Kisha akatusimulia habari za picha ile na za kanisa lile. Leo tunapenda kuwasimulia ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi habari hizo, kwa kuwa zinahusu kazi yetu kuliko zinavyoonekana kwa mara ya kwanza.

MCHORAJI NA GHASIA ZA PARIS

Picha hiyo ilichorwa mwaka 1830 na Mfaransa aliyeitwa Camille Corot. Siku za mwisho za mwezi wa Julai mwaka ule watu wa Paris waliinuka dhidi ya Mfalme Charles wa Kumi. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo, risasi zikarindima kwa siku tatu, na mfalme akapoteza kiti chake. Corot, aliyekuwa na umri wa miaka 34, hakuwa mtu wa bunduki. Aliuacha mji mkuu na ghasia zake, akaenda Chartres, mji mdogo ulioko kiasi cha kilomita 90 kusini magharibi ya Paris, katikati ya uwanda mpana wa mashamba ya ngano. Huko akatandika kitambaa chake na kulichora kanisa.

Ni picha ndogo. Urefu wake haufiki hata sentimita 70. Hakuna ndani yake dalili yoyote ya ghasia zilizomfukuza mchoraji kutoka nyumbani. Mna mawe, udongo, nyumba za kawaida, mawingu na minara tu. Lakini anayejua kwamba ilichorwa wakati damu ya Paris haijakauka barabarani, hawezi kuitazama bila ya kuona kwamba mtu yule alikuwa akitafuta kitu kisichotikisika.

Miaka 40 baadaye vita vilimfuata tena. Katika vita vya mwaka 1870 na 1871 majeshi ya Prussia yaliuzingira mji wa Paris, na Chartres nao ukakaliwa na majeshi hayo. Safari hii Corot, ambaye sasa alikuwa mzee, hakukimbia. Alibaki Paris na kutoa fedha nyingi kuwasaidia maskini wa mji uliozingirwa. Vita vilipokwisha, mwaka 1872, aliichukua picha yake ya ujana na kuitia mkono tena. Alifariki mwaka 1875, na mwaka 1906 picha ikatolewa zawadi kwa taifa la Ufaransa. Leo imo katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris.

KANISA LA MAWE NA VIOO

Kanisa lenyewe ni la zamani mno kuliko picha. Kanisa lililokuwapo hapo liliungua mwaka 1194, na watu wa Chartres wakaanza mara moja kujenga upya. Jengo jipya liliwekwa wakfu mwaka 1260 mbele ya Mfalme Louis wa Tisa. Mtindo wake ni ule uitwao Gothiki: matao yenye ncha badala ya matao ya mviringo, dari ya mawe iliyoinuliwa hadi mita 37, na mihimili ya mawe iliyosimamishwa nje ili kuushika ukuta usisukumwe na uzito wa dari. Kwa kuwa mihimili hiyo hubeba uzito, ukuta wenyewe uliweza kutobolewa madirisha makubwa. Chartres ina madirisha 176 ya vioo vya rangi, na vingi vya vioo hivyo ni vya miaka ya 1200. Jua lipigapo, sakafu hujaa rangi ya samawi na nyekundu.

Minara yake hailingani kwa sababu ilijengwa na watu wa zama mbalimbali. Wa kusini ni wa miaka ya 1100, haujapambwa sana, na una kimo cha mita 105 hivi. Wa kaskazini ulichomwa na radi mwaka 1506. Kilele cha mawe kilichojengwa badala ya kile cha mbao kina nakshi nyingi na kimepanda hadi mita 113 hivi. Mwaka 1836, miaka 6 baada ya Corot kuchora picha yake, moto uliteketeza paa lote la miti, na paa jipya likajengwa kwa chuma na shaba. Kwa hiyo picha ile imetuhifadhia kanisa kama lilivyokuwa kabla ya moto huo.

MNARA NI JICHO

Hapa ndipo somo la kijeshi linapoanza. Katika uwanda mtambarare, mnara wenye kimo cha mita 100 ni jicho. Mwenye darubini na simu akikaa juu yake, mizinga iliyo nyuma yake kilomita nyingi hupata kuona. Kwa sababu hiyo minara ya makanisa na ya misikiti imekuwa shabaha katika vita vingi, mara nyingine kwa haki, mara nyingine kwa dhana tu.

Mwezi wa Septemba 1914 mizinga ya Ujerumani ililipiga kanisa kuu la Reims, walimotawazwa wafalme wa Ufaransa. Wajerumani walidai kwamba Wafaransa walikuwa wakiutumia mnara kwa uangalizi, Wafaransa walikanusha. Paa liliungua, sanamu zikapasuka kwa moto, na ubishi ule wa nani alikuwa mnarani haukurudisha hata jiwe moja mahali pake.

Tarehe 15 Februari 1944, huko Monte Cassino nchini Italia, ndege za Marekani ziliibomoa nyumba ya watawa iliyoasisiwa zaidi ya miaka 1,400 kabla ya hapo, kwa kuamini kwamba Wajerumani walikuwa wakiitumia. Askari wa Kijerumani hawakuwamo. Waliokufa ni raia waliokimbilia humo kutafuta usalama. Baada ya mabomu, Wajerumani waliingia katika vifusi na kuvifanya ngome yao, kwa kuwa kifusi ni maficho mazuri kuliko nyumba nzima. Mlima ule haukutekwa hadi tarehe 18 Mei, baada ya maelfu ya askari kupoteza maisha. Kwa kupiga bila ya kuhakikisha, jeshi lilipoteza jengo, likapoteza raia, na likamjengea adui handaki.

WALIOHIFADHI VIOO, NA ALIYEKATAA SAHIHI

Watu wa Chartres walikuwa wamejifunza kutokana na vita vya kwanza. Mwaka 1939, vita vya pili vilipokaribia, mafundi walipanda majukwaa na kuvitoa vioo vya rangi dirisha baada ya dirisha. Vilifungwa katika masanduku, na mwaka uliofuata vikasafirishwa hadi katika machimbo ya mawe ya mkoa wa Dordogne, mbali na mapigano. Katika Louvre nako maelfu ya picha yaliondolewa ukutani na kupelekwa mashambani. Yafaa tukumbuke kwamba kazi hiyo haikufanywa na majemadari. Ilifanywa na mafundi, madereva wa malori na walinzi wa usiku.

Mwezi wa Juni 1940 Wajerumani waliingia Chartres. Mkuu wa mkoa alikuwa Jean Moulin, mwenye umri wa miaka 40. Wengi walikuwa wamekimbia, yeye alibaki kazini. Tarehe 17 Juni maofisa wa Kijerumani walimletea karatasi watake aitie sahihi. Karatasi hiyo ilidai kwamba askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa, wale walioitwa wapiganaji wa Senegal ingawa walitoka katika nchi nyingi za Afrika Magharibi, walikuwa wamewanajisi na kuwaua wanawake na watoto. Moulin alijua kwamba watu wale waliuawa kwa mabomu. Alikataa. Wakampiga, naye akakataa. Usiku wakamfungia katika chumba kimoja na askari mateka Mwafrika. Akihofu kwamba kesho yake mateso yangemshinda, aliokota vipande vya kioo kilichovunjika sakafuni, akajikata koo. Alipatikana alfajiri akiwa hai, akatibiwa, na sahihi haikupatikana. Baadaye alikuja kuwaunganisha wapinzani wa Wajerumani katika Ufaransa nzima, akakamatwa mwezi wa Juni 1943, na akafa mwezi wa Julai kutokana na mateso.

Ndugu zetu wa polisi wanaelewa vema uzito wa sahihi chini ya maelezo. Mtu yule aliulizwa ashuhudie jambo ambalo macho yake yalijua si kweli, dhidi ya askari wa kigeni, weusi, walioshindwa na wasio na mtetezi. Hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angetia sahihi. Basi tunaposema kwamba uzuri wa Chartres ulidumu katika vita, tusihesabu mawe na vioo tu. Tuihesabu na karatasi ile iliyobaki bila ya sahihi.

KANALI ALIYEKWENDA KUTAZAMA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo sisi makadeti hatukulitaja.

Mwaka 1944 vita vilirudi Chartres. Tarehe 26 Mei mabomu ya ndege za Marekani yaliangukia mji na kuiteketeza maktaba yake, pamoja na sehemu kubwa ya maandiko ya mkono ya kale yaliyokuwamo. Kanisa lilisalimika. Kati ya mwezi wa Agosti Jeshi la Tatu la Marekani, chini ya Jenerali George Patton, lilifika mjini, na Wajerumani wakapigana nyumba kwa nyumba. Wamarekani walidhani, kama tulivyodhani sisi darasani, kwamba waangalizi wa adui wako minarani. Risasi zikaanza kuelekezwa kwenye kanisa.

Alikuwapo ofisa mmoja wa operesheni, Kanali Welborn Griffith, mzaliwa wa Texas, mwenye umri wa miaka 42. Tarehe 16 Agosti alifika Chartres na kuona jinsi kanisa linavyopigwa. Kanali angeweza kukaa nyuma na kusubiri taarifa. Angeweza pia kutuma vijana wa kawaida wakatazame kwa niaba yake. Hakufanya hivyo. Alikwenda mwenyewe hadi kanisani, akaingia, akalipekua jengo, na hakumkuta adui hata mmoja. Inasimuliwa kwamba alipanda mnarani na kupiga kengele kuwajulisha wenzake. Akaamuru kanisa lisipigwe tena.

Siku hiyo hiyo, akiendelea kukagua vikosi upande wa kaskazini ya mji, aliwaona askari wa adui wapatao 15. Aliwafyatulia risasi, akarudi hadi kwenye kituo cha karibu kilichokuwa na kifaru, akachukua bunduki, akapanda juu ya kifaru na kukiongoza kuelekea kwa adui. Aliuawa huko, karibu na kijiji cha Lèves. Taifa lake lilimpa baada ya kufa kwake nishani ya juu ya ushujaa, na watu wa Lèves wanamkumbuka hadi leo. Baada ya vita vioo vya rangi vilirudishwa dirishani.

Mwalimu alipofika hapo, mwenzetu yule aliyejibu kwamba tuupige mnara aliomba ruhusa ya kusema. "Afande," akauliza, "na kama adui angekuwamo? Mimi nina askari 30. Jiwe lina thamani kuliko roho zao?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na mwalimu alilipa heshima yake. Alijibu hivi: "Kama adui yumo na anawaua watu wako, sheria ya vita yenyewe inatambua ulazima. Lakini ulazima ni kitu cha kuonekana, si cha kukisiwa. Na angalia vizuri: Griffith hakuhatarisha roho ya askari wa platuni yake kwa ajili ya jiwe. Alihatarisha ya kwake, ili kupata ukweli."

Hilo ndilo jambo tulilolisahau kati ya jibu la kwanza na la pili. Tulisahau kwenda kutazama.

SISI JE?

Wako wasomaji watakaosema kwamba hayo ni ya Ulaya na ni ya zamani. Wapo ndugu zetu wengi waliotumikia Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2007. Hao hawahitaji kuonyeshwa picha. Huko kulikuwa na kanisa kuu lililojengwa na Wataliani na kumalizika mwaka 1928, kwa kuiga mitindo ya Kinormani na ya Gothiki, lenye minara miwili mbele. Katika vita vilivyoikumba Somalia baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, lilibomolewa likawa magofu. Na mwaka 2012, huko Timbuktu nchini Mali, watu wenye silaha waliyavunja kwa majembe na sururu makaburi ya kale ya masheikh wa Kiislamu. Mmoja wa viongozi wao alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2016 kifungo cha miaka 9. Waashi wa Timbuktu waliyajenga upya makaburi yale kwa mikono yao.

Sheria iko wazi. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 unawakataza wapiganaji kuzipiga mali za utamaduni pasipo ulazima mkubwa wa kijeshi, na unawakataza vilevile kuzitumia mali hizo kwa namna itakayoziletea hatari. Alama yake ni ngao ya rangi ya samawi na nyeupe. Askari asiyeweka bunduki ya rashasha juu ya mnara wa msikiti anaulinda msikiti huo sawasawa na yule anayejizuia kuupiga. Nao polisi wana sehemu yao, maana mara nyingi jengo husalimika na mizinga, kisha likamalizwa na waporaji katika siku tatu za kwanza baada ya vita, wakati milango iko wazi na hakuna mlinzi.

Kwa hiyo tunawahimiza wenzetu mambo machache yaliyo rahisi kuyasema na magumu kuyatenda. Ofisa anapofika mahali pageni, na auulize mapema: hapa pana msikiti gani, kanisa gani, makaburi gani, nyumba gani ya kumbukumbu? Aitie katika ramani yake pamoja na madaraja na visima. Akishuku kwamba adui yumo, atafute njia ya kuhakikisha kabla ya kuomba mizinga. Asiweke kituo chake humo bila ya sababu nzito. Na mapigano yakinyamaza, jambo la kwanza liwe kuweka zamu mlangoni. Sajini mwenye watu wanne waaminifu aweza kuokoa katika usiku mmoja kitu ambacho fedha za nchi nzima haziwezi kukirudisha.

Wahenga walisema kwamba vita havina macho, na walisema kweli. Kombora halichagui, wala moto hausomi maandishi ya ukutani. Lakini vita hupiganwa na watu, na watu wana macho. Mchoraji Corot alikimbia risasi akaketi kulitazama kanisa kwa makini mpaka akalichora. Miaka 114 baadaye kanali mmoja alikimbilia kwenye risasi, naye akalitazama kwa makini mpaka akaridhika. Hawakujuana, na kazi zao hazikufanana, lakini wote wawili walitazama kwanza.

Nakala ile ya picha ilibaki ubaoni hadi tulipohitimu. Hatujui aliyeichukua. Yule mwenzetu aliyeuliza swali sasa ni ofisa wa mizinga, na tulipokutana naye kazini alituambia kwamba huwauliza makadeti wake swali lile lile, naye hupata jibu lile lile kila mwaka. Huwaacha waseme wote, kisha huwaambia wachukue darubini zao watoke nje.